Bapa, tambarare au sawa: lipi uliandike wapi

"Kiwanja kinauzwa, mita 20 kwa 30, kipo bapa, nguzo ya umeme iko jirani, bei maelewano."

Kijana mmoja dalali hapa Dodoma aliniletea tangazo hilo nimsahihishie kabla hajalirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Nikalizungushia kalamu neno moja tu. Akashangaa. "Dada, si ni kitu kilekile? Bapa, tambarare, sawa, flati, mbona wote wanaelewa?"

Nikamwambia si kitu kilekile. Mnunuzi akisoma bapa atacheka, akisoma tambarare atapiga simu, na akisoma sawa atakuja na fundi wake. Akavuta kiti. Niliyomweleza siku hiyo ndiyo haya, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka.

Bapa ni umbo la kitu

Twende jikoni kwanza. Chukua mwiko wa kusongea ugali na upawa wa kuchotea mchuzi, viweke pamoja mezani. Mwiko una nyuso mbili pana na unene mdogo katikati. Upawa una tumbo. Mwiko ni bapa, upawa si bapa, na aliyewahi kusonga ugali wa uwele hahitaji kamusi kulijua hilo, maana ugali mzito ule haugeuzwi kwa kitu chenye tumbo. Fundi uashi naye ana mwiko wake wa chuma wa kupigia lipu, bapa vilevile, na sidhani kama jina hilo alilipata kwa bahati.

Sasa utundike mwiko wako ukutani kwa kamba. Bado ni bapa. Uinamishe, uusimamishe, uutupe chini ya kabati. Bado ni bapa. Hapo ndipo neno hili linapoachana na wenzake wawili: bapa linasema kitu kimeumbwaje, halisemi kimelalaje. Kwa hiyo linakwenda na vitu ambavyo mtu anaweza kuviona pande zake, akaona na ukingo: ubao, sahani, jiwe la kusugulia miguu, soli ya kiatu, chapati. Chapati ni mviringo ukiitazama kutoka juu na ni bapa ukiitazama kwa ubavuni, na hayo mawili hayagombani. Andazi ni habari nyingine, limevimba.

Panga ndilo linaloonyesha kwamba neno hili si la mapambo. Panga lina makali na lina ubapa. Ukisoma gazetini kwamba mtu alipigwa ubapa wa panga mgongoni, unaelewa papo hapo kuwa mgongo umevimba lakini haukukatwa. Ukiandika "alipigwa panga" ukaishia hapo, umeshambadilishia mshtakiwa kesi. Waandishi wa habari za mahakamani wanalijua hili vizuri kuliko walimu wengi wa Kiswahili.

Sarufi yake ni nyepesi, ila watu huteleza. Bapa likiwa kivumishi halibebi kiambishi chochote: jiwe bapa, mawe bapa, ubao bapa, vibao bapa. "Kibao kibapa" hakuna. Likigeuka jina ndipo linapopata wingi: bapa la panga, mabapa ya mapanga. Ubapa ni ule upande wenyewe, au hali ya kuwa bapa. Anayelivisha viambishi nadhani analichanganya na pana, ambalo kweli hubadilika (kisu kipana, mto mpana, majani mapana) na ambalo maana yake ni nyingine kabisa. Barabara ni pana, si bapa. Rula ni bapa, wala si pana.

Shuleni bapa lina kazi ya heshima. Mwalimu wa hesabu akitaka mtoto aelewe uso bapa ni nini, asimsomeshe tafsiri ya kitabuni, ampe kopo tupu la maziwa ya unga na rula. Rula ukiilaza juu ya kitako cha kopo, elekeza upande wowote utakao, inagusa mwanzo hadi mwisho. Ilaze ubavuni: ukiisimamisha kufuata urefu wa kopo inagusa yote, ukiilaza kukata ubavu inagusa mahali pamoja tu na pande zote mbili kunapita mwanga. Basi kopo lina nyuso mbili bapa na ubavu mmoja wa mviringo. Kwenye biolojia vilevile kuna minyoo bapa, na tegu ni mmojawapo. Mwenye bahati mbaya ya kumwona anasema ni kama utepe, na hajakosea.

Halafu kuna bapa la grosari. Mtu mzima wa Tanzania haelezwi hili: ni ile chupa ndogo ya pombe kali iliyotengenezwa bapa ili ikae mfukoni bila kumtangaza mwenyewe. Ingia grosari yoyote, sema "nipe bapa", uone kama utaletewa ubao. Jina la umbo limemeza jina la kitu, na limemeza kwelikweli. Kuna walimu ambao darasa zima huwacheka wakitamka "uso bapa". Ndiyo maana nilimwambia kijana wangu kwamba kiwanja "kipo bapa" kinasomeka kama kiwanja kimelewa.

Tambarare ni ardhi, tena ya kutazamwa kwa mbali

Tambarare linakaa ardhini na halipendi kushikwa mkononi. Nchi tambarare, eneo tambarare, uwanda tambarare. Mwiko tambarare hakuna, sahani tambarare hakuna. Likitoka ardhini huwa linakwenda kwenye mazungumzo tu: "mambo tambarare", yaani hayana vikwazo. Nalo halibebi kiambishi, kama bapa.

Tofauti kubwa na bapa, mbali na hiyo ya ardhi, ni kwamba tambarare huvumilia. Watu wakisema Dodoma ni tambarare hawakosei, japokuwa Mlima Simba umesimama kando ya mji na Chuo Kikuu cha Dodoma kimejengwa juu ya vilima vya Chimwaga. Linaruhusu kilima hapa na korongo pale, mradi sehemu kubwa ya nchi imelala. Bapa halina uvumilivu huo. Sahani yenye kilima katikati si bapa, ni sahani mbovu.

(Na jina la mji lenyewe, kwa masimulizi ya wenyeji, latokana na Kigogo "idodomya", pamezama, kwa ajili ya tembo aliyekwama matopeni akizamia. Tembo hazami mlimani, kwa hiyo hata hadithi ya jina inatoka penye ardhi iliyolala.)

Lakini neno linalovumilia linaficha pia, na anayenunua ardhi kanda hii ajue linachoficha. Tambarare halisemi lolote kuhusu udongo. Waingereza walipouanza mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947, nchi waliyoiona ilikuwa pana na imelala, ya kufaa trekta. Tambarare ilikuwa kweli. Udongo ndio uliowashinda, mfinyanzi ambao jua la kiangazi likiupiga unakuwa mgumu kama tofali, na mvua nayo haikuja walivyoihesabu. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Tambarare halisemi lolote kuhusu maji pia. Makorongo yetu ni makavu miezi mingi, mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Siku moja ya Januari yanashuka maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ile nchi tambarare iliyo kandokando ndiyo inayoyapokea.

Kwa hiyo ukiandika tambarare, umeeleza sura ya nchi na basi. Kwa tangazo la kiwanja ni neno sahihi, kwa ahadi ni dogo.

Sawa ni kipimo

Hili nililijifunza kwa fedha yangu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua kiwanja upande wa magharibi ya mji kwa dalali mwingine, si huyu. Alisimama katikati yake akanyoosha mikono. "Dada, tambarare kabisa hii, hata mpira ukiuweka hauondoki." Macho yangu yakakubali. Nilipomleta fundi, mzee wa Kigogo asiye na maneno mengi, alisalimia "mbukwenyi", akamwita kijana wake, wakatandaza mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, mita 30. Wakainua ncha mbili, wakangoja maji yatulie, wakaweka alama kwenye vigingi vya miti. Mzee akapima kwa futi yake kutoka alama hadi chini, huku na kule. Tofauti ilikuwa sentimita 80.

"Mwanangu, tambarare ni tambarare," akaniambia, "lakini sawa si sawa."

Sijawahi kusikia tofauti ya maneno haya mawili ikielezwa vizuri kuliko hapo. Mteremko wa sentimita 80 kwa mita 30 jicho haliuoni. Ni chini ya sentimita 3 kwa kila mita. Nyumba inauona. Nyumba niliyokuwa nimeikusudia ina urefu wa mita 12 kufuata mteremko na upana wa mita 10, maana yake upande wake wa chini uko sentimita 32 chini ya upande wa juu. Msingi wa upande huo ulihitaji kozi mbili zaidi za matofali, na kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, tulijaza kifusi cha kama mita za ujazo 19. Malori ya kifusi hayabebi bure.

Sawa, basi, si umbo wala si sura ya nchi. Ni uhusiano: sawa na nini? Na kamba, na maji, na upande wa pili, na bahari. Ndiyo maana jina lake, usawa, linakwenda mbali kuliko ubapa. Tunasema Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, tunasema usawa wa jinsia, tunasema dirisha liwe usawa wa kifua, na mfuko ukikauka tunasema "kwa usawa huu ndugu yangu sina". Kote humo kuna vitu viwili vinavyopimanishwa. Bapa ni la kitu kimoja peke yake. Na mafundi hawasemi "fanya pawe bapa", wanasema "sawazisha", wakiwa na pimamaji mkononi.

Atakaye kuyaona maneno haya mawili yakifanya kazi shamba moja aende Bahi wakati wa mpunga. Bonde la Bahi ni tambarare, ukitoka mjini kwa barabara ya Manyoni unaliona limejilaza kabla nchi haijaanza kukwea kuelekea Saranda. Lakini mkulima hategemei utambarare huo. Anaikata ardhi majaruba, anajenga kingo za udongo, kisha ndani ya kila jaruba anasawazisha, anarudia, anasawazisha tena. Akiacha mwinuko wa kiganja, mpunga wa juu unakauka na wa chini unazama, ndani ya jaruba moja. Bonde amepewa tambarare. Jaruba analifanya sawa mwenyewe, kwa jembe na mgongo wake.

Na paa la tembe je?

Hili ndilo swali gumu, na kijana wangu aliliuliza bila kujua kwamba ni gumu. Nyumba ya asili ya Wagogo ni tembe: ndefu, fupi kwenda juu, kuta za miti iliyokandikwa, na juu yake boriti, fito, nyasi, kisha udongo uliopondwa. Haichongoki kama msonge. Sasa paa lile tuliite bapa, tambarare au sawa?

Nimewahi kupanda la bibi yangu mara nyingi nikiwa mtoto, kuanua mlenda na mbegu za maboga alizokuwa ameanika. Ukiwa juu yake unaona ni kama kiwanja kidogo, watoto watatu wanakimbizana. Hapo neno tambarare linakuja mdomoni lenyewe, kwa sababu limegeuka ardhi, lina udongo, na mvua za kwanza zikinyesha linaota majani. Lakini simama uani ulitazame kwa ubavuni: kitu chembamba kilicholala juu ya kuta, chenye uso wa juu, uso wa chini na ukingo. Ni bapa. Mimi ninachagua bapa, maana paa ni sehemu ya kitu kilichoundwa na ninachotaka msomaji alione ni umbo. Anayeandika "paa tambarare" simpigii kelele, namwelewa, ila kwa sikio langu amelihamisha paa akalipeleka shambani.

Sawa ndilo ambalo haliwezi. Paa la tembe likiwa sawa, nyumba imekwisha. Bibi alikuwa na desturi kabla ya mvua za Desemba: anaongeza udongo, anaupondaponda kwa gongo, halafu anamwaga kibuyu cha maji katikati na kutazama yanakoelekea. Yakisimama, anaongeza tena upande mmoja. Alitaka maji yatembee polepole hadi ukingoni, yasisimame na yasikimbie, kwa sababu yakisimama yanapenya na yakikimbia yanaondoka na paa. Paa bapa, lisilo sawa, kwa makusudi. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, wastani wake haufiki milimita 600 kwa mwaka, kwa hiyo ujanja huo unatosha hapa. Paa hilohilo ukilipeleka Bukoba halimalizi masika.

Cha kuchekesha ni kwamba mitaa mipya ya mji huu imerudi kulekule kwa njia ya mzunguko. Zile nyumba za kuficha bati, ukipita barabarani unaona kuta zimepanda na juu kumekatwa mstari mmoja ulionyooka, ungeapa paa ni bapa. Panda ngazi uchungulie: bati limelala kwa mteremko nyuma ya ukuta, na pembeni kuna mfereji wa kupeleka maji kwenye bomba. Muuzaji anaandika "nyumba ya kisasa, paa bapa". Hapo si bapa wala si sawa. Aandike "ya kuficha bati", kila mtu anaijua.

Haya mengine ni ya kupita haraka

Viatu vya kike visivyo na kisigino kirefu: kamusi itakuruhusu "viatu bapa", sokoni utaonekana mgeni. Sema viatu vya chini, au flati. Runinga nayo ni flati skrini mdomoni mwa watu. "Skrini bapa" naiweka kwenye maandishi rasmi tu. Tumbo lisilo na kitambi ni flati pia, na mtu aliyekosa makalio wanasema kapigwa pasi, neno ambalo silipendekezi kwa matumizi mbele ya mhusika. Pua isiyochongoka ni bapa, na hapo neno halina kejeli likisemwa kwa upole.

Uwanja wa mpira: tambarare kama unaeleza mahali ulipo, sawa kama unalalamikia mabonde yanayomkwaza kipa. Meza inayotikisika haijakaa sawa, hata kama ubao wake ni bapa kama kioo. Na laini wasiliingize humu. Hilo ni la mkono kugusa. Lipu inaweza kuwa laini kama shavu la mtoto na ukuta ukawa umejikunja vibaya, mafundi wa aina hiyo ninawajua.

Kijana alisikiliza yote hayo akiwa na simu mkononi. Nikamwandikia: "Kiwanja kinauzwa, mita 20 kwa 30, eneo tambarare, mteremko kidogo kuelekea kusini, korongo liko mbali, nguzo ya umeme iko jirani, bei maelewano." Akasoma mara mbili.

"Dada, sasa ukiwaambia kuna mteremko nani atakuja kuangalia?"

"Atakayekuja na fundi ataujua tu."

Akatikisa kichwa, akafuta yale maneno manne ya mteremko mbele ya macho yangu, akarusha. Bapa hakulirudisha. Baada ya dakika chache simu yake ikaita, nami nikamsikia akisema huku akitoka mlangoni: "Ndiyo, kaka, tambarare kabisa."